Jinsi ya Kuchagua Maltimita ya Kuaminika Bila Kutupa Pesa

Karibuni. Leo tunachagua maltimita, yaani mita ya kupimia umeme, na tunaanzia mahali ambapo wanunuzi wengi hawatazami: ndani.

Hatua ya kwanza, fyuzi. Hapa mezani nina mita mbili, zote nimezifungua mgongo. Sogea uone. Hii fyuzi yake ni ya kioo, ule uzi mwembamba unaonekana kabisa. Hii nyingine ni ya kauri, nyeupe, nene, na ni nzito kwa sababu imejazwa mchanga. Sasa fikiria umepima ampea, ukasahau waya mwekundu kwenye tundu la 10A, kisha ukaingiza ncha kwenye soketi upime volti. Pale mita ni sawa na kipande cha waya: umepiga shoti. Kioo kinaweza kupasuka huku moto wa umeme ukiendelea kuruka ndani ya mita uliyoishika. Mchanga unauzima. Kosa hili nimelifanya mwenyewe, kwa uchovu tu, na fyuzi ya kauri ndiyo iliyoniokoa vidole.

Muuzaji akikataa kufungua, soma kando ya tundu la 10A. Ukikuta neno UNFUSED, tundu hilo halina fyuzi kabisa. Kwa umeme wa nyumbani, iache.

Hatua ya pili, tafuta alama ya CAT karibu na matundu; ni daraja la usalama, linakuambia mita inafaa kupima umeme wa sehemu gani. Kwa vifaa vinavyochomekwa kwenye soketi, CAT II inatosha. Ukifungua ubao wa meni swichi, chukua CAT III. Njia inayoingia kutoka nguzoni ni CAT IV. Nyaya za kupimia nazo ziwe na alama hiyo hiyo. Na mita iliyoandikwa CAT III volti 1000 huku ndani ina kifyuzi kidogo cha kioo, usiyaamini maandishi yake.

Hatua ya tatu, ijaribu hapo hapo dukani. Weka kwenye mlio, ile sehemu inayolia ncha zikiungana, gusanisha ncha: ilie papo hapo, bila kusitasita. Hamia kwenye omu, kipimo cha ukinzani, ncha zikiwa bado zimegusana: isome kama 0.1 hadi 0.3. Tikisa waya pale unapoingia kwenye mita. Namba zikirukaruka, rudisha. Kisha pima betri mpya ya 1.5V; isome 1.5 au 1.6.

True RMS, yaani uwezo wa kupima sawasawa hata umeme ambao wimbi lake si laini? Ilipie kama unapima inveta au mota zinazoendeshwa kwa kidhibiti mwendo. Kipimo cha joto na taa ya tochi visikupandishie bei.

Ukishanunua, kabla hujashika waya wowote: pima kwanza soketi unayojua ina umeme, pima waya unaotaka kuushika, halafu rudi upime ile soketi tena. Mita ikinyamaza kwenye soketi hiyo mara ya pili, usiiamini, na usishike waya.