Kumchagulia Mtoto Poni: Mambo ya Kutazama Kabla ya Kupanda

Ndugu wazazi na walezi, nawashukuru kwa kufika.

Karibu kila mzazi anayenijia kuhusu kumchagulia mtoto poni, yaani farasi wa kimo kidogo, huanza na swali la kimo: mtoto wangu ana miaka 8, je, poni awe na urefu gani? Swali hilo lina jibu, nami nitalitoa, lakini lipo swali linalopaswa kulitangulia. Je, poni huyu amewahi kuishi na watoto, na walipokosea alifanya nini? Mtoto anayejifunza hukosea kila dakika: huvuta hatamu bila kukusudia, hupiga visigino ubavuni akitafuta pa kujishikiza, hupiga mayowe, hupinda upande mmoja mpaka tandiko likageuka naye. Mnyama anayemfaa ni yule ambaye makosa hayo hayamshtui tena, na utulivu wa namna hiyo haufundishwi kwa mwezi mmoja.

Ndiyo maana natanguliza umri. Farasi humaliza kuota meno ya ukubwani akiwa na miaka 5 hivi, na wauzaji wengi humwita mnyama wa umri huo kuwa amekomaa. Amekomaa meno, uzoefu bado. Poni aliyetunzwa vizuri huishi miaka 25, na wako wanaovuka 30, kwa hiyo poni wa miaka 12 hadi 18 hajazeeka hata kidogo kwa kazi tunayomtakia. Kwa mtoto anayeanza, mimi humtafuta hapo. Awe jike au dume aliyehasiwa, si hoja kubwa. Dume asiyehasiwa si mnyama wa mtoto, na sitaongeza neno hapo.

Wapo wanaofikiri kwamba mtoto na poni mchanga watakua pamoja, kila mmoja akimfundisha mwenzake. Wazo hilo linavutia, na mimi mwenyewe lilinivuta. Nilimnunulia binti yangu poni wa miaka 4, mweupe, mzuri wa kutazamwa, ambaye muuzaji alinihakikishia kuwa ni mpole kama kondoo. Na kweli alikuwa mpole, hadi asubuhi moja mfuko wa plastiki uliokwama kwenye ua ulipopeperushwa na upepo. Aliruka kando mara moja, na binti yangu akaanguka kwa bega. Mfupa haukuvunjika, lakini ilipita nusu mwaka kabla hajakubali kupanda tena. Yule poni hakuwa na hatia, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumzoesha vitu vya namna ile. Niliyekosea ni mimi, niliyemweka mwanafunzi juu ya mwanafunzi.

Sasa turudi kwenye kimo. Katika mashindano ya kimataifa, poni ni yule asiyezidi sentimita 148 bila viatu vya chuma, akipimwa pale shingo inapokutana na mgongo. Ndani ya kipimo hicho kuna tofauti kubwa sana: poni wa aina ya Shetland hawazidi sentimita 107 hivi, ilhali wa aina ya Connemara wanaweza kufika ukomo wenyewe. Msidanganywe na udogo. Poni wa Shetland ana nguvu nyingi kuliko mwili wake unavyoonyesha, na asipofundishwa humburuta mtoto hadi penye nyasi na kuinamisha kichwa atakavyo.

Kuhusu uzito, kanuni inayotumika sana ni kwamba mpandaji pamoja na tandiko wasizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mnyama. Mtoto wa kilo 30 mwenye tandiko la kilo 6 atahitaji poni wa kilo 180 au zaidi. Hata hivyo, kwa watoto wengi tatizo haliko kwenye uzito bali kwenye urefu wa miguu. Miguu isipovuka pindo za tandiko na kugusa ubavu, mtoto hana njia ya kumwambia mnyama aende wala asimame, naye hubaki kuning'inia kwenye hatamu. Tumezoea kununua viatu vya shule vikubwa ili mguu uvifikie mwakani, na wengi hununua poni kwa hesabu hiyo hiyo. Naomba tusifanye hivyo. Mnunulieni mtoto poni wa mwili alio nao leo.

Nikipewa saa moja tu ya kumtazama poni, nusu yake naitumia kabla hajatandikwa. Mwombeni muuzaji amwache malishoni hadi mfike. Mkimkuta tayari amefungwa, amepigwa brashi na kutandikwa, ombeni tandiko liondolewe, kisha pitisheni kiganja mgongoni. Penye unyevu wa jasho, ujue amekwisha kupandwa asubuhi ile, pengine ili achoke na aonekane mtulivu. Akiwa malishoni, tazameni anavyoshikwa: je, anamngojea mtu, au anageuza makalio na kuondoka? Mkanda wa tandiko unapokazwa, tazameni masikio. Yakilala nyuma na mkia ukaanza kupigapiga, mnyama anasema kwamba anaumwa, au aliwahi kuumwa, na majibu yote mawili ni muhimu. Kisha kwato, zote nne, moja baada ya nyingine. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na hapa mnainama kwelikweli, kwa sababu kila siku mtoto wenu atainama hapohapo kuzisafisha.

Halafu mwacheni mtoto awe mtoto karibu naye. Farasi huona karibu pande zote, isipokuwa mbele kabisa ya paji la uso na nyuma ya mkia, na watoto hutokea hasa pale asipoona. Poni wa kufaa hugeuza shingo, humtambua, kisha huendelea na shughuli zake. Baada ya hapo apandwe kwanza na mtu wa muuzaji, kisha na mkufunzi wenu, na mtoto awe wa mwisho. Mtoeni peke yake, mbali na wenzake. Farasi ni mnyama wa kundi, na wengi huwa malaika wakiwa pamoja, lakini wakitengwa hugoma au hugeuka kurudi mbio.

Daktari wa mifugo awe wenu, asiwe wa muuzaji, naye achukue damu ya kuhifadhiwa ili ipimwe ikihitajika, maana dawa za maumivu huficha kuchechemea na dawa za kutuliza huficha ukali. Muulizeni hasa kuhusu ule ugonjwa wa uvimbe ndani ya kwato unaowapata poni wanene kwenye nyasi nono. Dalili zake ni shingo yenye ukingo mgumu wa mafuta na kwato zenye mikunjo inayotanuka kuelekea kisiginoni. Aliyewahi kuugua si lazima akataliwe, ila mtamlisha kwa kipimo maisha yake yote.

Poni bora wa mtoto niliyewahi kumwona alikuwa na miaka 16, mgongo umeanza kubonyea, na singa zake zilikuwa zimekatwa ovyo na mkasi wa mtoto. Mama niliyefuatana naye hakutaka hata kumtazama. Binti yake alipopanda, katika mzunguko wa pili mguu ulitoka kwenye kikuku cha tandiko naye akaanza kuteleza upande wa kushoto. Poni alipunguza mwendo na kusimama, akasubiri, sikio moja limegeukia nyuma, mpaka mtoto alipojivuta na kukaa sawa. Hakuna aliyekuwa amemwamuru.

Nikamuuliza mwenye poni kwa nini anamuuza, swali ambalo nawasihi msiache kuliuliza. Akanielekeza kwa macho mlangoni mwa banda, alikosimama msichana wa miaka 14, mrefu, ambaye miguu yake sasa ingekaribia kugusa ardhi. Bei haikujadiliwa kwa muda mrefu. Yule msichana aliomba jambo moja tu, kwamba siku mtoto mwingine atakapokuwa mrefu kama yeye, wao wawe wa kwanza kupigiwa simu.