Hesabu ya Dola 600: Mhadhara Kuhusu Filamu ya Of Mice and Men

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kuitikia mwaliko. Filamu ninayokusudia kuizungumzia jioni hii ni Of Mice and Men, iliyoongozwa na Lewis Milestone na kutolewa mwishoni mwa mwaka 1939, miaka miwili tu baada ya John Steinbeck kuchapisha riwaya fupi yenye jina hilohilo. Kwa kawaida husifiwa kama kisa cha urafiki wa vibarua wawili: George, mwepesi wa akili na wa hasira, na Lennie, mwenye nguvu za fahali na akili ya mtoto mdogo. Sifa hiyo siipingi. Hata hivyo naomba leo tuitazame kama kisa cha hesabu, kwa kuwa ndani yake karibu kila kitu, pamoja na ndoto na kiungo cha mwili, kimetajiwa bei.

Steinbeck alizaliwa Salinas, California, mwaka 1902, na ujanani alifanya kazi mashambani pamoja na watu wa aina hii, waliofuata mavuno kutoka shamba hadi shamba wakiwa na blanketi mgongoni, wakilala mabwenini. Mdororo Mkuu wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ulizidisha wagombea wa kazi hizo, na hata sheria ya mwaka 1935 iliyowapa wafanyakazi wa Marekani haki ya kujiunga na vyama na kujadiliana na waajiri iliwaacha nje vibarua wa mashambani. Ningeweza kuwaita manamba, na wazee waliopitia mashamba ya mkonge ya Tanga wangenielewa upesi; lakini manamba aliandikishwa kwa mkataba wa muda maalumu na alikuwa na kwao, ilhali George na Lennie hawana mkataba wala pa kurudi. Nitabaki na neno vibarua.

Filamu inaanza kwa mbio. Wawili hao wanafukuzwa na kudandia treni ya mizigo kabla hatujasomewa hata jina la filamu, jambo lililokuwa geni katika sinema za wakati huo. Burgess Meredith ndiye George na Lon Chaney Jr. ndiye Lennie. Muziki ni wa Aaron Copland, na kwa maoni yangu ndiye aliyeisikia ardhi ya California vizuri kuliko wote walioshiriki.

Sasa tuingie katika hesabu. Kipande cha ardhi wanachokiota, chenye nyumba ndogo na sungura ambao Lennie ameahidiwa kuwalisha, kinauzwa dola 600. Mshahara wa kibarua ni dola 50 kwa mwezi, na mifukoni wana dola 10 wote wawili. Hapo ndipo anapoingia Candy, mzee anayefagia bweni, aliyekatwa mkono na mashine akalipwa fidia ya dola 250. Kwa akiba na mshahara wake anaweza kutoa dola 350. George na Lennie wakifanya kazi mwezi mmoja bila kutumia hata senti, jumla itafika dola 450, na George anaamini kwamba mwenye shamba atakubali kuanzia hapo. Wasomaji wengi huiita ndoto hii ya kipuuzi, nami sioni upuuzi wowote katika hesabu hiyo.

Lakini kwa nini Candy atoe vyote alivyo navyo kwa watu aliowajua juzi? Jibu limo katika tukio lililotangulia, ambalo kwangu ndilo kilele cha filamu. Wenzake wamemshinikiza akubali mbwa wake mzee, anayenuka na asiyeweza kutafuna, apigwe risasi. Milestone hatupeleki nje kukishuhudia kifo hicho. Anatubakiza bwenini pamoja na wanaume wasio na la kusema, huku Candy akiwa amelala kitandani, mpaka mlio usikike. Mzee amekwisha kuelewa kitakachompata yeye siku atakaposhindwa kushika ufagio, na anajua kwamba hatapata hata wa kumpiga risasi.

Crooks, mtunza farasi mweusi anayelazwa peke yake kwa sababu ya rangi yake, aliigizwa na Leigh Whipper, ambaye alikuwa ameshaicheza nafasi hiyo jukwaani Broadway. Steinbeck anamfanya aicheke ndoto, kwa kuwa ameona mamia ya watu wakipita na ardhi vichwani mwao. Kisha, anaposikia kwamba fedha zipo kweli, anaomba kufanya kazi huko bila malipo, kwa chakula tu. Muda si muda analifuta ombi lake.

Baada ya Lennie kumuua bila kukusudia mke wa Curley, mwana wa mwajiri wao, Candy anamuuliza George, katika riwaya, kama bado wanaweza kulipata lile shamba. Kwa kalamu na karatasi ni dola 50 tu zilizopungua, zile za Lennie. George anajibu kwamba atamaliza mwezi wake, atachukua dola 50 zake, na ataingia mjini kuzitumia.