Dispensa ya Maji Moto Chini ya Sinki: Mdomo wa Bomba Usizibwe

REHEMA: Karibuni, wasikilizaji. Leo tunafunga dispensa ya maji moto: tangi la lita 2.5 hivi ndani ya kabati la sinki, na bomba lake dogo juu. Maji yanatoka yakiwa na nyuzijoto 90 na kitu, tayari kwa chai. Musa, tuanzie wapi?

MUSA: Kwenye kosa la hatari kuliko yote, dada Rehema. Matangi mengi ya aina hii hayastahimili presha ya maji ya nyumba. Ni matangi ya wazi. Ukifungua bomba, maji baridi hupita kwanza kwenye koki iliyo ndani ya bomba lenyewe, ndipo yashuke tangini. Yakiingia huwasukuma wenzao wa moto, nao hupanda hadi mdomoni. Njia hiyo ya kutokea haina kizuizi chochote, na haitakiwi kuwa nacho.

REHEMA: Ndiyo maana bomba lake lina mipira mitatu na si miwili.

MUSA: Hasa. Mmoja unaleta maji kutoka kwenye laini ya baridi, wa pili unayapeleka tangini, wa tatu unarudisha ya moto. Mtu akiona mipira mitatu inamkanganya, akanunua bomba la kawaida, akaunga laini ya baridi moja kwa moja kwenye tangi, amelifungia presha yote humo. Tangi litavimba au kupasuka, tena likiwa na maji yanayokaribia kuchemka. Usifuate rangi za mipira kwa mazoea pia, maana kila mtengenezaji ana zake. Soma mchoro uliokuja na kifaa.

REHEMA: Na chujio la kuzuia maji kuruka?

MUSA: Usilifunge mdomoni. Wala usiongeze mpira pale kufikisha maji kwenye sufuria ya mbali. Chujio la maji mahali pake ni kwenye laini ya baridi, kabla ya bomba. Mpira wa moto nao upande moja kwa moja, bila kujikunja wala kuning'inia kama bembea, kwa hiyo pima mahali pa tangi kabla hujatoboa ukuta.

REHEMA: Zipo aina zinazostahimili presha, tuseme hilo.

MUSA: Zipo. Hizo lazima ziwe na valvu ya usalama ya kuachia presha, na bomba la aina yake. Usichanganye vifaa vya aina hizi mbili.

REHEMA: Tundu la bomba mara nyingi ni milimita 32 hadi 35. Kwenye sinki la chuma, piga alama kwa senta panchi, tanguliza biti nyembamba, kisha biti ya ngazi, ile inayopanuka hatua kwa hatua, kwa mwendo wa polepole na matone ya mafuta. Ukikimbiza drili, chuma kinapata moto, kinakuwa kigumu zaidi na biti inakufa. Kingo zipige tupa. Kwenye jiwe tumia kikata cha almasi na maji, na uzime kabisa ule mtindo wa drili wa kugonga, utapasua kaunta nzima. Miwani ya kazi haijadiliwi.

MUSA: Upande wa maji: funga koki, weka beseni, pachika tii, yaani kiungo cha njia tatu, kwenye laini ya baridi, na koki ndogo ya dispensa peke yake. Tepu ya kuziba nyuzi za skrubu za kiungo zungusha mara tatu au nne kufuata uelekeo wa nyuzi. Penye washa ya mpira, tepu haina kazi. Nati ya plastiki kaza kwa mkono, kisha robo raundi tu kwa spana. Ukilazimisha, ufa unajitokeza siku kadhaa baadaye usiku watu wamelala.

REHEMA: Umeme sasa. Kifaa cha wati 1,300 kwenye volti 230 kinavuta karibu ampea 5.7. Si mzigo mkubwa, ila birika la wati 2,000 likichomekwa kwenye ekstensheni hiyohiyo unapita ampea 14. Ekstensheni ndani ya kabati lenye maji hatuikubali kabisa. Soketi iwe na ethi, iwe juu ya usawa wa sakafu ya kabati, na ilindwe na kikata umeme cha miliampea 30, kile kinachozima umeme ukivuja. Kama soketi haipo, hiyo ni kazi ya fundi umeme.

MUSA: Halafu subira. Jaza tangi KABLA ya kuchomeka plagi. Fungua bomba hadi maji yatoke mfululizo bila kukohoa hewa, acha dakika mbili au tatu yasafishe tangi. Koili ya kupashia maji ikiwashwa pakavu inaungua, au kikata joto, swichi ya usalama ya joto kupita kiasi, kinajizima. Futa kila kiungo kwa karatasi kavu, tazama kama inalowa. Kisha chomeka. Dakika 10 hadi 15 inatosha kupasha. Kagua viungo tena yakiwa ya moto.

REHEMA: Na themostati, kile kidhibiti joto, je?

MUSA: Anza chini. Watu wa milimani wasikilize hapa: kwenye mita 1,500, maji huchemka karibu nyuzijoto 95. Ukiiweka 98, haitafika kamwe, itachemka tu na kutema mvuke. Punguza hadi itulie.

REHEMA: Kwa nyumba yenye watoto, nunua mpini wenye kifungo cha kubonyeza na springi inayojifunga. Joto hilo linaunguza papo hapo. Aliyeungua, mahali hapo pawe chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno na mafuta hapana.

MUSA: Na matone. Lita 2.5 zikipashwa kutoka nyuzijoto 20 hadi 95 huongezeka takriban mililita 90, na maji hayo yanaweza kudondoka mdomoni. Hapo ndipo mtu hutafuta kizibo! Acha yadondoke. Ila kama yanadondoka hata plagi ikiwa nje na tangi limepoa, koki ya ndani ya bomba haifungi. Funga laini, ifungue koki hiyo, utakuta mchanga au washa iliyolika.