Shati Lisilonuka Dizeli

(Mazungumzo katika ushirika wa mchana wa wafanyakazi, Mombasa)

Bwana asifiwe. Nimepewa robo saa, maana wengi wenu mnarudi kazini na wengine mnavuka Likoni kwa feri. Nitajitahidi, ingawa mnaonijua mnacheka tayari.

Mwaka 2018, reli mpya ilipoanza kubeba makontena kutoka bandarini hadi Nairobi, yadi zetu za makontena za huku zilianza kukauka. Mimi nilikuwa karani kwenye yadi moja upande wa Changamwe. Ijumaa moja tuliitwa watu kumi na mmoja, kila mmoja akapewa bahasha yake. Nyumbani nina watoto wawili wa shule, na chamani nina mkopo.

Sikumwambia mke wangu. Kila asubuhi nilivaa shati la kazi, nikabeba mkoba, nikapanda matatu mpaka mjini, kisha nikaenda kukaa Laitihausi chini ya mbuyu. Pale meli unaziona zikiingia, moja baada ya nyingine, zimebeba makontena ambayo hutayahesabu wewe. Ikifika saa kumi na moja jioni narudi nyumbani "nimechoka".

Na kuomba nilikuwa naomba! "Ee Mungu mwenye enzi, twakushukuru kwa uzima, uibariki nyumba hii." Maombi yaliyopigwa pasi. Kazi sikuitaja. Hofu sikuitaja. Nilikuwa namficha Mungu jambo lile lile nililomficha mke wangu, tena kwa sauti ile ile ya upole.

Nilikuwa na Biblia ndogo mkobani, na chini ya mbuyu ule nikaisoma upya Marko sura ya 4. Wale wanafunzi, wengine walikuwa wavuvi. Abiria wa feri hushtuka kila chombo kikiyumba, lakini baharia akishtuka, jua kuna jambo. Upepo umepiga, maji yanajaa chomboni, na Yesu amelala shetri, kichwa juu ya mto. (Nyinyi mliotoka bara, shetri ni kule nyuma ya chombo.) Hawakumnong'oneza. Walimwamsha kwa lawama: "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?"

Hebu mwambie bosi wako hivyo.

Yesu alianza na upepo. Aliukemea, bahari ikatulia, ndipo akawageukia wao na kuwauliza juu ya woga na imani yao. Kuhusu ile lugha waliyomwamshia hakusema kitu.

Sasa msitoke hapa mkidhani nasema ukiomba kwa ukali bahari itatulia. Katika mji huu siwezi kuthubutu. Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilizama, wakafa watu 272. Nani ataniambia hapakuwa na waombaji ndani yake? Na nendeni ng'ambo ya Nyali mkaone kaburi la Rosine Krapf, mke wa mmisionari Johann Ludwig Krapf. Juni 1844 mumewe alikuwa ameanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa papa hapa Mombasa. Julai akamzika mke, na kichanga chao cha kike, yeye mwenyewe akiwa taabani kwa homa. Yesu naye aliomba Gethsemane kikombe kimwondokee, akakinywa. Kwa hiyo anayewauzia maombi kama dawa ya chawa, ukipaka wanakufa, mkimbieni.

Mimi wiki ya tatu ndipo nilisema. Nilikuwa peke yangu na muuza madafu, nikasema kwa sauti: "Baba, naogopa. Naogopa mke wangu ataniona si mwanamume. Ada ni elfu kumi na nane, sina." Muuza madafu akanitazama, akasogeza mkokoteni wake kidogo. Kazi haikurudi. Kilichonipata ni kwamba miguu ilipata nguvu ya kwenda nyumbani saa nane mchana, kweupe, majirani wakiniona.

Nilimkuta anachambua mchicha. Nikaanza, "Mama Neema, kuna jambo." Hakuinua macho. Akasema, "Baba Neema, shati lako lina wiki tatu halinuki dizeli. Nilikuwa nangoja useme. Nami nimekuwa nikimwambia Mungu kila usiku, sema naye huyu, maana mimi hanisemeshi."

Mwezi uliofuata tulikuwa tunakaanga mihogo, yeye karai, mimi pilipili na ndimu. Mkopo wa chama ulituchukua miaka miwili.

Basi, tuna dakika tatu. Inamisheni vichwa, na leo msiniombee mimi wala serikali. Mwenye kodi aseme kodi, na shilingi ngapi. Mwenye majibu ya daktari mfukoni aseme ugonjwa kwa jina lake. Wa feri, tulieni, mtawahi.