"Daktari Yuko Wapi?" Nimesoma Udaktari wa Mifugo Morogoro, Marekani Nashika Miguu ya Paka

Haya, nasikika? Sawa. Asalaam alaykum, shikamooni wakubwa, na wadogo zangu marahaba hata kama hamjaamkia. Leo narekodi ndani ya gari, mtanisamehe. Nje kuna baridi ya Iowa, ile inayouma mpaka kwenye kope, na zamu yangu inaanza baada ya nusu saa. Hii michirizi mnayoiona mkononi siyo hina. Ni paka wa jana.

Kwa mgeni wa chaneli hii: mimi ni mtoto wa Tanga, nimesoma udaktari wa mifugo miaka mitano pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, sasa naishi Des Moines, jimbo la Iowa hapa Marekani, na nafanya kazi kwenye hospitali ya wanyama. Sifanyi kazi kama daktari, ni msaidizi. Nashika mnyama achomwe sindano, namnyoa manyoya kabla ya upasuaji, napima uzito, naosha vizimba. Na kila wiki lazima mtu aandike kwenye komenti: "Dada, una digrii nzima, mbona unashika miguu ya paka?" Leo najibu. Ila jibu lina kona nyingi, vumilieni.

Naanzia nyumbani. Mwaka wa nne tulipelekwa Mvomero kujifunza kupima mimba za ng'ombe. Mzee mwenye boma alitupokea vizuri, tukapewa maziwa, tukapewa vigoda. Tulikuwa wavulana watano na mimi peke yangu binti. Zamu yangu ilipofika nikavaa ile glavu ndefu ya mpaka begani, nikapaka sabuni, nikasogea nyuma ya ng'ombe. Mzee akauliza, tena kwa upole kabisa: "Bwana mifugo yuko wapi?" Nikamwambia, baba, ndiye mimi. Akacheka sana, akaona binti huyu ana utani. Na kwa kweli simlaumu, maana cheo chenyewe tunakiita *bwana* mifugo, sasa binti angeingilia wapi? Nikaingiza mkono, nikapapasa, nikamwambia huyu ana mimba ya miezi minne. Akanyamaza. Kisha akasema, "Haya, na yule mwekundu." Na yule mwenye pembe moja. Na yule pale. Mpaka jua la utosi mkono wangu ulikuwa hauwezi kuinua kikombe.

Nikaja Marekani, nikalikuta swali lile lile limenisubiri, limevaa Kiingereza tu. Pale kazini tuko wasaidizi wawili zamu moja, sare moja ya bluu, mimi na msichana wa miaka 19, Mzungu, mzaliwa wa hapa. Mteja anaingia na mbwa wake, anatutazama wote wawili, anamgeukia yule mtoto: "Daktari, tangu jana hataki kula." Mtoto wa watu anakuwa mwekundu kama nyanya. Mimi naulizwa, "Daktari anakuja saa ngapi?" Sasa mniwie radhi, ni kweli mimi si daktari hapa. Lakini na yeye si daktari! Katika chumba kile mwenye digrii ya udaktari ni mmoja, na ndiye aliyeshika ndoo.

Msiseme ni mteja mmoja mwenye roho mbaya. Wengi ni watu wema, wanatuletea keki Krismasi. Ni kwamba macho yao hayajazoea. Nchi hii ina madaktari wa wanyama zaidi ya 100,000, na takriban tisa katika kila kumi ni Wazungu. Weusi ni asilimia chache mno. Mtu anaweza kufuga mbwa maisha yake yote, akabadilisha mbwa sita, asikutane na daktari mweusi hata mara moja.

Na hao weusi wachache walipo wametokea wapi? Hapa ndipo nilipokaa kitako siku niliposoma. Kuna chuo kinaitwa Tuskegee, kiko Alabama, kilianzishwa kwa ajili ya watu weusi baada ya utumwa. Skuli yake ya udaktari wa wanyama ilifunguliwa mwaka 1945, na wenyewe husema zaidi ya asilimia 70 ya madaktari wa wanyama weusi wa Marekani wamepita pale. Nchi yote hii, majimbo 50, halafu mzigo wote umebebwa na chuo kimoja cha kule kusini. Aliyeifungua skuli hiyo ni rais wa Tuskegee wa wakati ule, Frederick Douglass Patterson, naye mwenyewe alikuwa daktari wa wanyama. Na amesomea wapi? Chuo kikuu cha Iowa State, mwaka 1923, pale Ames, mwendo wa dakika arobaini kutoka hapa nilipopaki. Enzi zile kule kusini vyuo vya Wazungu havikumpokea mweusi, sheria ilikataza. Basi badala ya kubisha hodi akajenga nyumba.

Sasa hii inayofuata ndiyo iliyoninyima usingizi.

Wale mliosoma mambo ya maabara, iwe hospitali au mifugo, mnaijua Mueller-Hinton. Kwa msiojua: ng'ombe ana ugonjwa wa kiwele, maziwa yanatoka mabonge, unataka kujua dawa gani itafanya kazi. Unaotesha bakteria kutoka kwenye yale maziwa, unawapaka juu ya sahani yenye kitu kama jeli, rangi ya majani makavu. Juu yake unapanga viduara vya karatasi vidogo kama konfeti, kila kimoja kina dawa yake. Kesho asubuhi unakuta pale dawa ilipofanya kazi pamebaki duara safi, bakteria wamekimbia, unapima kwa rula kwa milimita. Ile jeli ndiyo Mueller-Hinton. Iko Morogoro, iko Muhimbili, iko Nairobi, iko Kampala. Kopo lake tumelikoroga mpaka mikono ikanuka. Na miaka yote ile mimi nilijua hao ni wazee wawili wa Kijerumani wenye ndevu.

Hinton ni mwanamke mweusi, jamani. Jane Hinton. Jeli hiyo waliitoa yeye na mwanasayansi John Howard Mueller mwaka 1941 pale Harvard, ambapo baba yake, William Augustus Hinton, alikuwa bingwa wa vipimo vya kaswende. Na baada ya hapo huyo Jane akaenda kusomea nini? Udaktari wa wanyama! Alimaliza Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1949. Mwaka huo huo Alfreda Johnson Webb akamaliza Tuskegee. Hao wawili ndio wanawake weusi wa kwanza wa Marekani kupata digrii hiyo. Nimefundishwa na walimu wazuri, siwasemi vibaya, maana na wao hakuna aliyewaambia. Lakini nafikiria yule binti wa mwaka wa nne kule Mvomero, anaulizwa bwana mifugo yuko wapi, na asubuhi yake ametoka kumwaga Hinton kwenye sahani kumi na mbili.

Turudi kwenye swali la digrii. Ukitoka Sokoine, au Kabete ya Nairobi, au Makerere, hapa digrii yako haitambuliki moja kwa moja, kwa sababu hakuna chuo cha Afrika Mashariki kwenye orodha ya vilivyothibitishwa na chama cha madaktari wa wanyama cha hapa. Njia ipo. Wanahakiki vyeti vyako, unafanya mtihani wa Kiingereza, kisha mtihani wa maswali 225, kisha ule wa vitendo wenye sehemu saba: upasuaji, dawa ya usingizi, picha za eksirei, farasi, mifugo ya chakula, wanyama wadogo, kupasua mzoga. Ni siku tatu, mtu amesimama nyuma yako anaandika. Halafu bado kuna ule wa taifa ambao kila mtu anafanya, maswali 360. Sisemi mitihani ifutwe. Mbwa wa mtu siyo daftari la kujifunzia. Ninachosema ni bei: ukijumlisha yote ni maelfu ya dola, na mshahara wa kuosha vizimba mnaujua. Huku nyuma serikali yao yenyewe kila mwaka inatangaza maeneo ya vijijini yasiyo na daktari wa mifugo. Iowa hii hii nguruwe ni wengi kuliko watu zaidi ya mara sita. Ndiyo, mjomba, nimesikia, nguruwe. Tutalizungumza siku nyingine.

Mjomba wangu wa Tanga kila akipiga simu, kabla ya salamu: "Umeosha mara saba?" Namjibu, mjomba, mara saba, moja yake kwa udongo, kama tulivyofundishwa madrasa kuhusu mate ya mbwa. Tunacheka. Lakini nimegusia dini na mbwa kwa sababu. Mwanzo nilipoajiriwa, msimamizi aliona nimevaa hijabu akanipanga kwa paka tu. Wiki ya kwanza paka, wiki ya tano paka. Nikasema labda ndivyo wanavyoanza watu. Kumbe alisoma mahali kwamba Waislamu hawagusi mbwa, akaamua kunistahi. Nia nzuri kabisa! Ila hakuniuliza. Na wenzangu walioanza nami wakawa wameshajifunza kutoa damu kwa mbwa, kuwafunga bandeji, kuwaandaa kwa usingizi, mimi niko na paka wangu. Nilipomwendea na kumwambia, alishtuka mpaka akashika kifua. Kesho yake nikapewa mbwa wa kilo 60, akaniangusha. Nilifurahi kweli.

Sasa nimalizie na bibi, halafu niwaache.

Kuna bibi mmoja Mkongo, mtu wa Uvira, alikuja hapa kama mkimbizi, anaishi na mjukuu wake wa miaka kumi na moja. Mtoto ana mbwa, mbwa ana kifafa. Ameniruhusu nisimulie, mradi nisiseme majina. Dawa ya mbwa ni kidonge kila baada ya saa 12, maisha yote, na ukiruka kifafa kinarudi. Mara ya kwanza wakapewa dawa. Baada ya majuma kadhaa wakarudi, mbwa ameanguka tena. Wakaelezwa upya. Mara ya tatu, ameanguka tena. Kwenye faili lao kulikuwa kumeshaandikwa maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama "mteja hafuati maelekezo." Mimi nilikuwa nyuma na paka, mtu akaja: "Wewe unajua Kiswahili, si ndiyo? Hebu njoo."

Nikaingia, nikasema shikamoo bibi. Akanitazama akatabasamu, akaniambia, "Jambo, mtoto yangu." Wenzetu wa Kongo shikamoo siyo sana, ila alinishika mkono hakuuachia. Nikamuuliza, bibi, dawa unampa? Akasema, "Nampa! Kila usiku saa munane naamuka. Niko nachoka, mtoto yangu. Kuna usiku usingizi unanibeba."

Saa nane usiku?

Nikamgeukia mjukuu. Daktari aliwaambia saa ngapi? Akanijibu kwa Kiingereza: nane na nane. Na kwa bibi ulisemaje? "Saa munane na saa munane."

Mmeelewa? Daktari amesema nane ya Kizungu, yaani saa mbili yetu, asubuhi na usiku. Mtoto amekulia hapa, Kiswahili chake ni cha nyumbani, akatafsiri namba kama ilivyo. Bibi akasikia saa nane, na kwa bibi saa nane ni saa nane: mchana baada ya kula, na usiku wa manane. Miezi mitatu mwanamke wa miaka zaidi ya sabini anaamka gizani, anamtafutia mbwa kidonge, anakifunika kwenye ugali. Siku alizozidiwa na usingizi ndizo siku ambazo mbwa ameanguka. Na faili linasema hafuati maelekezo! Hakuna mteja pale ndani aliyefuata maelekezo kama bibi yule.

Nilipomweleza daktari wetu, alikaa kwenye kiti. Baadaye alilifuta lile neno kwenye faili mwenyewe, nikimwona. Siku hizi kwenye vichupa vya dawa tunabandika kikaratasi, jua limechorwa upande mmoja, mwezi upande mwingine, na idadi ya vidonge chini yake. Nilichora mimi, mwezi wangu unafanana na ndizi. Wa kwanza kuusifu alikuwa mzee wa Kizungu, mkulima, aliyesahau miwani nyumbani.

Nchi hii neno lenyewe la kujumuisha watu siku hizi ni moto, kuanzia Mahakama ya Juu ilipokataza vyuo kuzingatia rangi katika kupokea wanafunzi mwaka 2023 watu wanaongea kwa kuangalia nyuma. Mimi siasa zao siziwezi. Ila kikaratasi cha jua na mwezi kingali kwenye vichupa.

Wadogo zangu mlioko vyuoni mnaowaza kuja: chukueni nakala za matokeo zenye mihuri kabla hamjapanda ndege, ukiwa huku kuzifuatilia ni kazi. Mtihani wangu wa maswali 225 nimeulipia, ni mwezi wa tano, niombeeni. Ngoja nizime gari niingie. Jumamosi bibi analeta mbwa kupima damu, nimemwambia aje saa mbili asubuhi. Saa mbili *yetu*, nimemrudia mara tatu, na mjukuu nimemwambia asitafsiri kitu.