Punda hajifunzi ukivuta, anajifunza ukiachia

Assalamu alaykum wazee wangu, mama zangu, na nyie vijana mliokaa huko nyuma ukutani. Nimeombwa nizungumze habari ya kumzoesha punda hatamu, na wengi hapa mshanisikia nikiyasema haya, mtaniwia radhi ntayarudia, maana kila nikipita pale ufuoni Lamu naona yale yale. Shogi la kubebea mizigo mgongoni ni nini, mchanga unashushwaje jahazini, hayo sitayaeleza, mnayajua kunishinda. Na hatamu nnayoisema ni ile ya kichwani tu, ya kumshikia na kumfungia, haina chuma cha mdomoni.

Sasa hebu niwaambie nilichokiona. Punda jike wa kahawia, bado mbichi, hajawahi kuvalishwa kitu kichwani. Vijana watatu. Mmoja kashika sikio kalipinda, wa pili kamkaba shingo, wa tatu anapitisha kamba ya nailoni mdomoni. Punda kasimama kimya, hatikisiki. Mwenye punda ananiambia, si unaona, ametulia. Nikamwambia bwana, hebu mtazame usoni. Jicho limemtoka mpaka weupe unaonekana, mdomo wa chini umekazwa, mkia umebanwa katikati ya mapaja, pumzi fupi fupi. Huyo hajatulia, huyo ameganda, kama mtoto anavyoganda akiona sindano. Na walipomuachia lile sikio tu akarusha kichwa juu, kikampata kijana kidevuni, damu. Watu wakacheka, wakasema ndio hivyo, shukrani ya punda mateke.

Hiyo methali inaniudhi wallahi. Mateke ya nini, nani alimpa kitu cha kushukuru? Amepindwa sikio!

Na hapa ndipo watu wanapokosea, wanamchukulia punda kama farasi. Farasi akiogopa anakimbia, kila mtu anaona kwamba anaogopa. Punda akiogopa mara nyingi anasimama. Asili yake ni huku kwetu Afrika, watafiti wanasema alifugwa karibu miaka 7,000 iliyopita, na wale wa mwituni waliobaki bado wako Eritrea na kule Danakil Ethiopia, nchi kavu ya mawe, majani machache, kila mmoja anajitegemea, ukikurupuka kukimbia ovyo unavunjika mguu bure. Kwa hiyo anasimama, anapima. Sisi tunaita ukaidi. Si ukaidi, anakuuliza hii ni nini, na we badala ya kumjibu unamchapa.

Basi anajibiwaje? Hili ndilo neno langu la leo, mkisahau yote hili mlishike. Punda hajifunzi pale unapovuta kamba, anajifunza pale unapoilegeza. Ukivuta tu mfululizo naye anavuta, na katika kuvutana atakushinda, ana miguu minne. Lakini ukikaza kidogo, akasogea hata nusu hatua, kwato moja tu, hapo hapo ukalegeza, basi ameelewa. Hapo hapo, si baada ya kumaliza kuongea na mwenzio. Ukichelewa kidogo tu anaunganisha ule ulegevu na jambo lingine, pengine alikuwa ameshageuza kichwa pembeni, sasa umemfundisha kugeuza kichwa.

Na hatamu yenyewe ni hivyo hivyo, tena inaanza kabla haijafika kichwani. Yule jike wa kahawia, mtoto wa mwenye punda, kijana mdogo tu, alimchukua jioni baada ya kazi, hakumfunga popote. Alimwendea kwa bega, si kwa mbele, maana macho ya punda yako pembeni, pale katikati ya paji la uso hakuoni, na nyuma ya mkia hakuoni. Akamgusa bega, akaondoa mkono. Akamgusa tena, akaondoa. Punda akikaza shingo, kijana anangoja papo hapo, hasongi wala hakimbizi mkono, akilegea shingo mkono unaondoka. Jioni nyingine kamba ikalazwa shingoni, haijafungwa, ikashushwa. Shingo, shavu, chini ya taya, polepole mpaka nyuma ya lile sikio lililopindwa, na hapo alikaa sana, siku kadhaa hapo tu. Kisha akashika hatamu wazi, ile pete ya puani, yaani kitanzi kinachozunguka pua, ameifungua kwa vidole, ng'ambo yake kiganja chenye pumba. Punda akanusa, akaondoka. Akarudi. Akatia pua MWENYEWE, akala pumba, akatoa pua, na kijana hakufunga! Watu walimpigia kelele, funga, funga sasa! Hakufunga, alimuacha atie na kutoa mpaka ikawa si kitu tena. Hapo ndipo ukanda ukapitishwa nyuma ya masikio na kufungwa kwa pembeni, sikio halijakunjwa hata kidogo. Dakika chache, ikavuliwa taratibu.

Najua mtaniambia, we unazungumza tu, jahazi limefunga gati, tajiri anataka mchanga wake, nani ana siku za kumnusisha punda pumba? Punda afe mzigo ufike. Haya, nijibuni: kila asubuhi watu wawili watatu wanamfukuza punda mmoja vichochoroni ndio wamkamate, muda huo mnauhesabu wapi? Yule jike leo akiona hatamu analeta kichwa, kijana mmoja anatosha.

Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kupiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya ngozi, tukafurahi sote, mimi mwenyewe nilifurahi sana. Lakini hii ya sikio haisubiri mkutano wa marais, inaisha leo jioni ukiamua.

Nimeonyeshwa saa, basi haraka haraka. Pete ya puani ikae juu, vidole viwili chini ya mfupa wa shavu, isishuke kwenye pua laini, maana mifupa ya chini pale ni myembamba na punda hapumui kwa mdomo, anapumua kwa pua tu, ukimbana pua umemkaba. Vidole viwili vipite kati ya ukanda na ngozi, atafune vizuri. Nailoni nyembamba acheni, inachoma na kukata, tafuteni ukanda mpana au kamba nene ya pamba. Hatamu msimlaze nayo, atanasa kwenye msumari au atatia kwato akijikuna, ivueni. Mtoto wa punda mzoesheni kuguswa akiwa bado ananyonya, mama yake yuko karibu, lakini kumzoesha hatamu si kumtwika, mzigo usubiri mpaka akaribie miaka minne, mifupa haijakomaa. Habari ya kumfunga mtini ni somo jingine, leo sitaigusa, ila asifungwe ambaye hajajua kufuata kamba iliyokazwa.

Wenye punda wachanga bakini, tutafanya kwa mikono hapo nje baada ya sala ya alasiri, pumba ninayo. Na ambaye punda wake ana kidonda nyuma ya masikio au juu ya pua, huyo usimvalishe kitu chochote kwa sasa, mpeleke kwanza pale kliniki ya punda ufuoni, iko tangu 1987, akishapona ngozi ndio uanze naye, na uanze begani.