Mjamzito anayetokwa na damu: mazungumzo na wakunga

Wakunga wenzangu, shikamooni wakubwa, na ninyi wadogo zangu habari za asubuhi. Nimeombwa niseme juu ya Ebola kwa mama mjamzito. Naanzia Yambuku, Kongo, mwaka 1976, maana kisa kile kilipitia kliniki ya wajawazito.

Pale hospitali ya misheni, kila asubuhi wauguzi walipewa bomba tano za sindano. Tano, kwa siku nzima! Akishachomwa mmoja, bomba linasuuzwa kwa maji ya vuguvugu, anachomwa anayefuata. Wajawazito walikuwa kwenye foleni ileile. Waliugua 82, wakafa 73. Kikwit, mji mwingine wa Kongo, mwaka 1995, waliugua wajawazito 15, akapona mmoja tu.

Hesabu hizo zilitukatisha tamaa, na kukata tamaa kukaua wengine. Mlipuko wa Kivu Kaskazini ulipoanza Agosti 2018, wajawazito hawakupewa chanjo ya Ebola. Mama anaona mume anachanjwa, wifi anachanjwa, yeye anabaki. Tahadhari ile, ya kuhofia mtoto aliye tumboni, naielewa, ila kwa maoni yangu ilikuwa kosa, na nashukuru ilibadilishwa 2019. Mwaka huohuo, majaribio ya dawa huko Kongo, yaliyowapokea na wajawazito, yalionyesha kwamba kingamwili za aina mbili, yaani protini zinazokishika kirusi, zinapunguza vifo hadi kama theluthi moja ya wagonjwa wote waliozipata. Kwa hiyo mjamzito apewe kingamwili hizo kama mgonjwa mwingine, apewe dripu, apimwe madini na sukari, atibiwe malaria. Msimwanzishie uchungu mkidhani kuitoa mimba kutamwokoa. Kunaongeza damu, na kunamweka hatarini anayemhudumia.

Kazi ngumu ni kumtambua. Anakuja mama wa miezi mitano, homa, mgongo unauma, damu inatoka. Sote tunaandika "mimba inatishia kutoka", tunavaa glavu fupi, tunaingiza mkono. Naomba kabla ya mkono litangulie swali: homa ilianza lini, kabla ya damu au baada? Nyumbani nani mwingine anaumwa? Ulikwenda msibani, ukamwosha marehemu? Majibu yakikutia shaka, mtenge, vaa mavazi kamili, itisha kipimo. Usimwache peke yake. Muda wote anaosubiri majibu bado anatokwa na damu, na mimba ikishatoka, oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi ili damu ipungue, ni haki yake.

Sasa yule aliyepona na mimba ikabaki. Damu yake imepimwa, ni safi, naye ana cheti cha kuruhusiwa. Lakini kirusi huvuka kondo la nyuma, na kinaweza kukaa kwenye maji ya uzazi wakati kwenye damu hakionekani tena. Chupa ikipasuka, yale maji yanayokurukia miguuni ndiyo ya kuogopa. Mama huyu yeye mwenyewe si hatari: mnakaa naye, mnamshika mkono, anakuja kliniki kama wenzake. Siku ya kujifungua ndiyo inayotaka kituo kilichoandaliwa na mavazi kamili.

Aliyeshika mimba baada ya kupona ni habari nyingine kabisa. Huyo anazaa wodini kama mama yeyote. Nimesikia wa namna hii wakirudishwa mlangoni kwa sababu ya cheti, wakaenda kuzalia njiani. Akikupa cheti, soma tarehe, kisha muulize kwa upole: mimba hii uliishika kabla ya kuugua, au baada?